Jemadari wa Angani Aliyekuwa Gavana wa Kenya



Mchungaji wa Mwanhuzi, awapo mbugani na ng'ombe wake wakati wa kiangazi, akisikia mvumo mbinguni huinua macho. Huitazama eropleni hata ipotee upande wa ziwa, kisha huwarudia ng'ombe wake. Alichokiona ni mabawa tu. Hakuyaona mafuta yaliyoletwa kwa meli na kwa gari la moshi ili chombo kile kipate kuruka. Hakuwaona mafundi waliokesha wakiusafisha mtambo wake, wala hakuliona ghala lenye vyuma vya akiba. Walakini, pasipo vitu hivyo visivyoonekana, eropleni haina faida kuliko mkokoteni usio na ng'ombe wa kuukokota.

Watu wa Usukuma walipata kulishuhudia jambo hili mapema. Tarehe 28 Februari 1931 ilianza safari ya kwanza ya kuleta barua kwa njia ya angani kutoka London mpaka Mwanza, na kwa muda Mwanza ndio ulikuwa mwisho wa njia hiyo, hata ilipoendelezwa mpaka Cape Town mwaka wa 1932. Barua zile hazikuja kwa mruko mmoja. Njia nzima iligawanywa kwa vituo, na kila kituo kilihitaji mafuta yake, vifaa vyake, na watu wake wa kungoja.

Leo twataka kueleza habari za mtu mmoja aliyelijua jambo hilo kuliko wengi wa wakati wake. Mtu huyo ni Sir Robert Brooke-Popham, mmoja wa wakubwa wa Jeshi la Ndege la Uingereza. Alikuwa Gavana wa Kenya tangu 1937 hata 1939, kisha akawa Jemadari Mkuu wa Mashariki ya Mbali wakati Wajapani walipoishambulia Malaya. Wengi wamemkumbuka kwa kushindwa kule. Sisi twauliza swali hili: mtu aliyewafundisha wengine kwamba ushindi wa angani hutengenezwa ardhini, ilikuwaje akaingia vitani bila ya vitu alivyovijua kuwa ni vya lazima? Na je, kosa lilikuwa lake, au la wale waliomtuma, au la wote pamoja?

ASKARI WA MIGUU ALIYEJIFUNZA KURUKA

Brooke-Popham alizaliwa tarehe 18 Septemba 1878 katika kijiji cha Mendlesham, mkoa wa Suffolk, nchi ya Uingereza. Jina la ukoo wake lilikuwa Brooke tu. Jina la Popham aliliongeza mwaka wa 1904. Alisoma katika chuo cha maofisa cha Sandhurst, na mwaka wa 1898 akaingia katika jeshi la askari wa miguu. Siku zile hapakuwa na eropleni popote duniani. Ile ya kwanza iliruka Marekani mwaka wa 1903, naye alikuwa amekwisha kuwa askari kwa miaka mitano.

Mwaka wa 1911, alipokuwa na umri wa miaka 32, alijifunza kurusha eropleni akapata cheti. Wako maofisa wengi walioona kwamba chombo hiki ni mchezo tu, wala hakitapata kuwa silaha. Yeye hakuona hivyo. Serikali ilipounda jeshi la ndege mwaka wa 1912, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia, akapewa kukiongoza kikosi cha tatu.

Vita Kuu ilipotokea mwezi wa Agosti 1914, eropleni kama 60 za Waingereza zilivuka mlango wa bahari kwenda Ufaransa. Zilikuwa za namna nyingi, na kila namna ilikuwa na mtambo wake, hata kipuri cha moja hakikuweza kufaa katika nyingine. Brooke-Popham alitiwa katika makao makuu, akapewa kazi ya kulipatia jeshi mahitaji yake. Kazi hii haina sifa. Arukaye na kumwangusha adui hupewa nishani, na jina lake huandikwa magazetini. Yeye ahesabuye madebe ya mafuta hakuna amjuaye. Walakini Brooke-Popham alifahamu kwamba rubani hodari asiye na mafuta ni sawa na mkulima hodari asiye na jembe.

Basi maghala yakajengwa nyuma ya mstari wa vita, na karakana za kutengeneza eropleni zilizovunjika, na utaratibu wa kuleta mpya mahali pa zilizopotea. Mitambo mingi ikanunuliwa kwa Wafaransa, kwa kuwa viwanda vya Uingereza vilikuwa bado havijatosha. Tarehe 1 Aprili 1918 jeshi hilo likatengwa na jeshi la nchi kavu, likawa Jeshi la Ndege la Kifalme. Vita vilipokwisha mwezi wa Novemba mwaka huo, lilikuwa na eropleni zaidi ya 22,000 na watu kama 290,000. Tazameni hesabu hiyo: kwa kila eropleni moja palikuwa na watu zaidi ya kumi, na wengi wao hawakupata kuruka hata siku moja. Hao ndio ardhi inayoichukua anga.

MWALIMU WA WAKUBWA

Baada ya vita, mwaka wa 1922, lilifunguliwa huko Andover chuo cha kuwafundisha maofisa wa Jeshi la Ndege kazi ya uongozi, naye Brooke-Popham akawa mkuu wake wa kwanza. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Charles Portal, ambaye toka 1940 mpaka mwisho wa Vita Kuu ya pili alikuwa mkuu wa Jeshi la Ndege lote, na Keith Park, mtu wa New Zealand, aliyeziongoza eropleni zilizoilinda London mwaka wa 1940. Basi mtu akisema kwamba Brooke-Popham hakushinda vita, na akumbuke kwamba wako walioshinda nao walikaa mbele yake wakiandika maneno yake.

Kutoka huko alipewa kazi nyingi. Mara mbili aliwekwa kuangalia ulinzi wa anga ya Uingereza. Tangu 1928 hata 1930 alikuwa Iraki, nchi ambayo Waingereza walikuwa wameikabidhi kwa Jeshi la Ndege ilindwe kwa gharama ndogo. Hapana budi kusema kweli juu ya ulinzi huo. Katika miaka ile vijiji vilivyokataa amri ya serikali au kodi yake viliweza kutupiwa makombora kutoka juu. Wenye mamlaka walisema kwamba njia hii hupunguza vifo vya askari. Mama aliyekimbia na mtoto wake mgongoni hakuulizwa maoni yake. Hii nayo ni sehemu ya historia ya eropleni, na mwenye kuisoma historia asifumbe jicho moja.

Mwaka wa 1935 Wataliani walipoingia Uhabeshi, Brooke-Popham alipelekwa Misri kuziongoza eropleni za Uingereza katika Mashariki ya Kati, ikiwa labda vita vingeenea. Havikuenea wakati ule. Mwaka wa 1937 alistaafu katika jeshi, akiwa na cheo kilicho sawa na kile cha Jenerali.

GAVANA NA NG'OMBE WA WAKAMBA

Mwezi wa Aprili 1937 akafika Nairobi, awe Gavana wa Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Waingereza. Serikali ya London ilikuwa na sababu ya kumchagua mtu wa vita: Wataliani walikuwa wamekaa Uhabeshi, mpakani kabisa, na wakimbizi wa Kihabeshi walikuwa wakiingia Kenya kutafuta usalama.

Lakini jambo lililomjaribu zaidi halikutoka kwa Wataliani. Lilitoka Machakos, kwa Wakamba, nalo lilikuwa jambo la ng'ombe. Wenye ng'ombe wa Usukuma watalifahamu upesi kuliko jambo jingine lolote katika habari hizi. Serikali iliona kwamba nchi ya Ukamba imechakaa. Majani yamekwisha, mvua inauchukua udongo, na mifugo imezidi. Ikaamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Mwaka wa 1938 maofisa walikwenda vijijini wakawatoa ng'ombe kwa maelfu, wakauzwa kwa bei ndogo, na wengi wakapelekwa katika kiwanda cha nyama kilichofunguliwa mwaka huo karibu na Mto Athi.

Kwa hesabu ya karatasi huenda jambo hilo likaonekana jema. Lakini ng'ombe wa Mkamba, kama ng'ombe wa Msukuma, si nyama tu. Ni mahari ya kijana, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni maziwa ya mtoto, ni heshima ya mzee. Tena Wakamba waliona kwamba sababu ya kubanana kwao ni ardhi iliyochukuliwa na walowezi, na hilo halikuguswa.

Basi mwishoni mwa mwezi wa Julai 1938 Wakamba zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, wakatoka kwao wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi. Kiongozi wao aliitwa Muindi Mbingu. Hawakubeba silaha. Walisema neno moja tu: twataka kumwona Gavana. Wakaketi Nairobi kwa majuma kadhaa, wakaambiwa warudi, wakakataa. Mwezi wa Agosti Gavana akaenda Machakos, akafanya baraza mbele ya watu wengi, akaeleza sababu za Serikali.

Mwisho wake ulikuwa wa namna mbili. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, mbali na watu wake. Lakini kabla ya mwaka kwisha, Serikali iliiacha nguvu ile. Watu wakaambiwa wapunguze mifugo kwa hiari. Watu wasio na bunduki wala eropleni walikuwa wameirudisha nyuma amri ya Gavana aliyekuwa jemadari, kwa kukaa chini tu na kungoja.

Shauri hili lafaa kukumbukwa katika yale yanayofuata. Brooke-Popham alipokuwa akiwapa marubani mafuta, alijua kwamba amri isiyo na ghala nyuma yake haiendi. Machakos alijifunza kwamba hata amri yenye nguvu nyuma yake haiendi, ikiwa wenyewe hawakuambiwa ukweli wote wala hawakuulizwa mapema.

KUITAYARISHA ANGA

Vita Kuu ya pili ilipoanza mwezi wa Septemba 1939, Brooke-Popham aliondoka Kenya akarudi katika Jeshi la Ndege, akiwa na umri wa miaka 61. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ile aliyoiweza kuliko wote. Alipelekwa Kanada kusaidia kuweka mpango mkubwa wa kuwafundisha marubani. Mapatano yakatiwa sahihi mwezi wa Desemba 1939, na hata mwisho wa vita mpango huo ulikuwa umetoa warukaji zaidi ya 130,000: marubani, wasoma-njia, wapigaji wa bunduki na watupaji wa makombora.

Kutoka Kanada akaenda Afrika ya Kusini kwa kazi iyo hiyo. Huko alipatana na Jenerali van Ryneveld, na mapatano yao ya mwezi wa Juni 1940 yaliitwa kwa majina yao mawili yaliyounganishwa. Warukaji zaidi ya 33,000 walifundishwa katika Afrika ya Kusini. Kama maisha ya Brooke-Popham yangalikomea hapo, jina lake lingalibaki miongoni mwa wale waliolima shamba ambalo wengine walilivuna.

SINGAPORE

Mwezi wa Novemba 1940 alifika Singapore awe Jemadari Mkuu wa Mashariki ya Mbali. Chini yake ziliwekwa Malaya, Burma, Borneo ya Waingereza na Hong Kong. Alikuwa mtu wa kwanza wa Jeshi la Ndege kupewa kuyaamuru majeshi ya nchi kavu na ya angani pamoja mahali pakubwa namna hiyo. Lakini hakupewa amri juu ya manowari, wala juu ya serikali za kiraia. Ni kama mzee aliyekabidhiwa boma alilinde, lakini mlango mmoja una ufunguo kwa jirani.

Sasa sikilizeni hesabu, maana habari yote imo katika hesabu. Shauri la ulinzi wa Malaya lilikuwa hivi: nchi ni ndefu, askari ni wachache, basi eropleni ndizo zitakazomzamisha adui baharini kabla hajakanyaga pwani. Kwa ajili hiyo viwanja vya eropleni vilijengwa kaskazini na karibu na bahari, vingine mahali ambapo jeshi la nchi kavu halikuweza kuvilinda vema. Wakubwa wa Singapore walikadiria kwamba yahitajiwa eropleni zaidi ya 560. Wakubwa wa London wakasema kwamba 336 zatosha. Siku vita vilipofika, zilizokuwa tayari Malaya zilikuwa 158.

Tena nyingi katika hizo zilikuwa za zamani. Zile za kubeba makombora ya majini, zilizoitwa Vildebeest, zilikwenda polepole mno. Zile za kupigana angani, zilizoitwa Buffalo, zilitoka Marekani, nazo zilikuwa nzito, na marubani wengi waliozirusha walikuwa vijana wasiopata kuona vita. Kwa nini? Kwa sababu eropleni mpya zilikwenda kuilinda Uingereza, na Misri, na mwaka wa 1941 mamia yakapelekwa kuisaidia Urusi. Waziri Mkuu Churchill alikuwa na moto katika nyumba tatu, na Malaya ilikuwa nyumba ya nne isiyowaka bado.

Brooke-Popham aliyajua mapungufu haya. Alipeleka London maombi ya eropleni zaidi, na zaidi tena. Kwa wakubwa wake alisema ukweli. Lakini mbele ya watu alisema neno jingine. Alitangaza kwamba Buffalo zafaa kwa Malaya, na zile bora na zibaki Uingereza. Alisema hivyo ili watu wasiingiwe na hofu, na ili Wajapani wasite. Nao Wajapani aliwapima vibaya. Alipowaona askari wao mpakani mwa Hong Kong, aliandika kwa dharau kwamba haamini kuwa wangefanya jeshi hodari. Habari za eropleni mpya ya Wajapani iliyoitwa Zero, yenye mbio nyingi na wepesi, zilikuwa zimefika kutoka China. Lakini hazikuwafikia marubani wa vikosi. Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende.

CHELEWA CHELEWA

Palikuwapo na shauri jingine, lililopewa jina la Matador. Wajapani wakija, njia yao itapita Siam, nchi ambayo sasa huitwa Thailand. Basi Waingereza waingie kwanza, waishike bandari ya Singora, wawangoje hapo. Shauri hili lilihitaji upesi, nalo lilifungwa kwa kamba. Siam ilikuwa nchi huru isiyo na upande, na London haikutaka Uingereza ionekane kuwa ndiyo iliyomshambulia jirani kwanza, maana Marekani ilikuwa haijaingia vitani. Mpaka tarehe 5 Desemba 1941 ndipo Brooke-Popham alipopewa ruhusa ya kuamua mwenyewe, nayo ilikuwa na masharti.

Tarehe 6 Desemba eropleni ya Waaustralia iliyokuwa ikipeleleza baharini iliona misafara ya meli za Wajapani. Je, zaenda Siam, au zageuka mahali pengine? Mawingu yakafunga, meli zikapotea. Balozi wa Waingereza huko Bangkok akapeleka simu kusihi kwamba majeshi yasivuke mpaka kwanza. Jemadari akangoja. Siku ya pili akangoja tena. Twaweza kumfahamu: neno lake moja lingaliweza kuanzisha vita na nchi isiyo na kosa. Lakini baharini meli hazikungoja. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Desemba Wajapani walishuka pwani ya Kota Bharu, kaskazini ya Malaya, na pwani ya Siam pia. Asubuhi makombora yakaanza kuanguka juu ya viwanja vya eropleni vya kaskazini. Asubuhi ile huko kaskazini palikuwa na eropleni 110 zilizo tayari. Jioni zilibaki 50. Nyingi hazikupigwa angani. Zilipigwa chini, zikiwa zinatiwa mafuta na makombora. Fikirini juu ya jambo hilo. Mtu aliyefundisha kwamba ushindi wa angani hutengenezwa ardhini, aliona kushindwa kwa angani kukitengenezwa ardhini vilevile.

Siku ya pili yake, tarehe 9, manowari mbili kubwa, Prince of Wales na Repulse, zilikuwa baharini pasipo eropleni za kuzifunika. Tarehe 10 Desemba eropleni za Wajapani zikazizamisha zote mbili, na watu 840 wakafa. Shauri la Matador lilikuwa limekwisha kufutwa. Askari wa nchi kavu wakaanza kurudi nyuma katika mvua.

Tarehe 27 Desemba 1941 Brooke-Popham alikabidhi kazi kwa Jenerali Pownall. Watu wengi walidhani amefukuzwa kwa ajili ya kushindwa. Kwa kweli kubadilishwa kwake kulikuwa kumeamriwa tangu Novemba, kabla ya vita kufika, kwa kuwa London ilitaka mtu mwenye umri mdogo zaidi aliyetoka vitani karibuni. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ilianguka. Katika mapigano yote ya Malaya na Singapore askari zaidi ya 100,000 wa Waingereza, Wahindi na Waaustralia walitekwa.

HABARI ZILIVYOFIKA KWETU

Msomaji aweza kuuliza: hayo yote yalitokea mbali, ng'ambo ya bahari ya Hindi, yatuhusu nini? Yatuhusu sana.

Malaya ilipopotea, Waingereza walipoteza mpira wa magurudumu. Na visiwa vingine vya mashariki vilipopotea, walipoteza nyuzi za kamba. Basi Tanganyika ikatakiwa kujaza pengo. Mashamba ya mipira yaliyokuwa yameachwa tangu zamani za Wadachi yakafunguliwa tena, mkonge ukahitajiwa kuliko zamani, na watu wakaandikwa kwa nguvu ya sheria kwenda kufanya kazi mashambani mbali na nyumbani kwao. Mtu aliyechukuliwa kwenda kugema mpira huenda hakupata kulisikia jina la Singapore. Lakini mgongo wake uliibeba hesabu yake.

Kisha wakaenda askari wetu. Vijana kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini walipelekwa Ceylon, na kutoka huko Burma, kuwarudisha nyuma Wajapani. Tarehe 12 Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, na zaidi ya 600 katika hao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Makaburi yao hayana alama, ni maji.

Waliofika Burma walipita Bonde la Kabaw katika masika ya 1944, mahali penye matope na homa, ambapo gari halikuweza kwenda. Walilishwaje? Kwa eropleni. Magunia na masanduku yaliangushwa kutoka juu, mchele, dawa na risasi, siku kwa siku. Tarehe 2 Desemba 1944 wakauchukua mji wa Kalewa kando ya Mto Chindwin. Hapo ndipo ile kazi isiyo na sifa, kazi ya ghala na hesabu, ilipoonyesha thamani yake: safari hii anga ilikuwa na ardhi nyuma yake, na askari wa Afrika ya Mashariki wakafika ng'ambo ya mto.

HUKUMU YAKE

Brooke-Popham alistaafu tena mwaka wa 1942, akasaidia katika kazi za kuwalea vijana wa Jeshi la Ndege hata 1945. Taarifa yake juu ya Mashariki ya Mbali ilichapishwa London mwaka wa 1948, naye humo akaeleza alichokuwa nacho na alichokikosa. Alifariki tarehe 20 Oktoba 1953.

Twamhukumuje? Wako wanaosema kwamba yeye ndiye aliyeipoteza Malaya. Hesabu hazikubali neno hilo. Eropleni 158 haziwi zaidi ya 560 kwa ushujaa wa mtu mmoja, na aliyezipeleka mahali pengine hakuwa yeye. Wako wengine wasemao kwamba hakuwa na kosa lolote, aliachwa peke yake tu. Hilo nalo halikubaliki. Aliwadharau adui aliokuwa hajapigana nao. Alisita wakati wa kukata shauri. Na juu ya yote, aliyemwambia mkubwa wake kwamba hatuna vya kutosha, aliwaambia watu wake kwamba tunavyo. Rubani kijana aliyepanda katika Buffalo yake asubuhi ile ya Desemba, asijue kwamba atakutana na Zero, yeye ndiye aliyelilipa deni la neno lile.

Kuwatuliza watu ni kazi njema ya mkubwa. Lakini utulivu uliojengwa juu ya habari isiyo kweli ni kama ghala lililopakwa chokaa nje, na ndani hamna nafaka. Siku ya njaa mlango hufunguliwa, na wote huona. Wakamba wa mwaka 1938 walikuwa wakiomba kitu hiki hiki: waambiwe, wasikilizwe, kabla shauri halijakatwa. Laiti somo lile la Machakos lingalisafiri pamoja na Jemadari mpaka Singapore!

Basi, ewe mchungaji wa Mwanhuzi, nawe mwanafunzi usomaye maneno haya, siku nyingine utakaposikia mvumo mbinguni, itazame eropleni kwa furaha, maana ni kazi ya ajabu ya mikono ya watu. Kisha uliza maswali mawili. La kwanza: nani yuko chini anayeilisha? La pili: je, yule aliye ndani yake ameambiwa kweli juu ya hali ya safari yake? Maswali hayo yafaa kwa jeshi, na yafaa kwa chama cha ushirika, na kwa shule, na kwa nyumba ya mtu mwenye watoto. Kiongozi asipoweza kuyajibu yote mawili, mabawa yake, hata yakiwa mapana namna gani, hayatamfikisha mbali.